Kutoka Jua hadi LED: Historia ya Nuru katika Matangi ya Matumbawe

Ufugaji wa matumbawe hai katika tangi la kioo nyumbani ni kazi ambayo kufaulu na kushindwa kwake kumeamuliwa na taa kuliko na chombo kingine chochote. Pampu za hewa, hita na chumvi ya kutengenezea maji ya bahari vilipatikana mapema na vikatosheleza mahitaji. Kilichobaki kuwa kikwazo kwa muda mrefu ni nuru, kwa kuwa matumbawe mengi yanayopendwa na wafugaji hutoka katika bahari za tropiki, ambako jua la adhuhuri hupenya maji maangavu kwa nguvu ambayo taa ya sebuleni haiikaribii hata kidogo. Safari ya kutoka dirishani hadi kwenye taa za LED, ambazo leo zimeshika sehemu kubwa ya soko, ilichukua zaidi ya karne moja na nusu, na kila hatua yake ilifundisha, mara nyingi kwa kifo cha matumbawe, tofauti iliyopo kati ya nuru inayomwezesha mtu kuona na nuru inayomlisha mnyama anayetazamwa.

Tofauti hiyo inatokana na maumbile ya tumbawe lenyewe. Tumbawe ni koloni la wanyama wadogo waitwao polipu, kila mmoja akiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri, na katika matumbawe magumu polipu hao hujijengea kiunzi cha chokaa ambacho, kikirundikana kwa karne nyingi, huwa mwamba. Ndani ya nyama ya polipu huishi mwani wa chembe moja uitwao zooksanthela, ambao hufanya usanisinuru kama ufanywavyo na mimea ya nchi kavu, yaani hutumia nuru kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake, naye huulipa kwa makao, kabonidioksidi na mabaki yenye nitrojeni. Tumbawe likinyimwa nuru hupoteza mwani wake taratibu. Likipewa nuru ya kupita kiasi, mwani huzalisha kemikali zinazodhuru chembe hai, na mnyama huutoa mwilini akabaki mweupe. Hali hiyo ndiyo iitwayo kupauka. Baharini huletwa zaidi na joto, kama ilivyotokea magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1998, lakini ndani ya tangi la nyumbani mkosaji mara nyingi ni taa.

Waliotangulia hawakuyajua haya, na bahati iliwasaidia. Anna Thynne, Mwingereza aliyekuwa akiishi Westminster, alichukua matumbawe hai katika pwani ya Torquay mwaka 1846, akayasafirisha hadi London na kuyaweka katika mabakuli ya kioo. Maji yalipoanza kuchakaa, mtumishi wake wa kike alipewa kazi ya kuyamimina kutoka chombo hadi chombo mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Matumbawe yake yalikuwa ya maji ya baridi, ya jamii isiyobeba mwani, hivyo yalihitaji chakula na hewa tu, na nuru hafifu ya jiji lile haikuyapunguzia kitu. Nyumba ya samaki ya bustani ya wanyama ya Regent's Park ilipofunguliwa mwaka 1853, na kitabu cha Philip Henry Gosse, The Aquarium, kilipotoka mwaka uliofuata, tangi la bahari likawa pambo la nyumba za Waingereza wenye nafasi. Lakini wafugaji wa enzi hiyo waliliogopa jua kuliko walivyolitafuta, maana liliyapasha maji joto na kuyageuza kuwa ya kijani. Tumbawe la tropiki lisingeishi katika matangi hayo hata kama lingefika salama.

Wanasayansi nao walichelewa kukubaliana juu ya kazi ya mwani ule. Mjerumani Karl Brandt aliupa jina la zooksanthela mwaka 1881, akiwa miongoni mwa waliodhani kwamba ndio unaomlisha mwenyeji wake. Msafara wa Waingereza ulioongozwa na C. M. Yonge katika Mwamba Mkuu wa Australia, mwaka 1928 na 1929, uliyafungia matumbawe katika masanduku yasiyopitisha nuru, ukaona kwamba yalipoteza mwani lakini yaliendelea kuishi kwa kula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Yonge akahitimisha kwamba tumbawe ni mla nyama, na kwamba mwani humsaidia kuondoa taka tu. Hitimisho hilo lilikuwa na uzito mkubwa, lakini halikudumu. Siro Kawaguti, aliyefanya kazi katika kituo cha Wajapani huko Palau katika miaka ya 1930, alichunguza jinsi matumbawe yanavyoitikia nuru. Mwaka 1958 Leonard Muscatine na Cadet Hand walitumia kaboni yenye mnururisho kuonyesha kwamba chakula kilichotengenezwa na mwani huhamia kwenye nyama ya mnyama aliyeubeba. Na mwaka 1959 Thomas Goreau, aliyekuwa Jamaika, alionyesha kwamba matumbawe hujenga kiunzi kwa kasi zaidi mara kadhaa yakiwa kwenye nuru kuliko yakiwa gizani. Yonge aliona sawa kwamba tumbawe laweza kuvumilia giza kwa muda, ila kuvumilia si kukua, na mfugaji anayetaka tumbawe lake lijenge kiunzi hana budi kulipatia nuru.

Kabla mabishano hayo hayajaisha, watu wawili waliokaa kando ya bahari za tropiki walikwisha kupata jibu kwa vitendo. Mmoja ni René Catala, Mfaransa aliyeanzisha akwariamu ya Nouméa huko Kaledonia Mpya mwaka 1956, ambako matumbawe yaliishi kwa maji yaliyovutwa moja kwa moja kutoka baharini na kwa nuru ya mchana. Ni Catala huyo aliyegundua, alipoyamulika matumbawe ya kina kirefu kwa taa ya urujuanimno, yaani mionzi iliyo nje ya mpaka wa rangi zinazoonekana, kwamba mengi kati yao hung'aa kwa kijani, machungwa na nyekundu, na ugunduzi huo ulikuja kuwa na athari kubwa katika biashara ya taa miaka hamsini baadaye. Wa pili ni Lee Chin Eng wa Jakarta, ambaye mwaka 1961 alieleza katika gazeti la wafugaji wa Marekani njia yake ya kutumia mawe yaliyotolewa baharini pamoja na viumbe wake, maji ya bahari, mapovu ya hewa na jua, bila vichujio. Njia hiyo ilionekana rahisi mno kwa wasomaji wa nchi za kaskazini, na wengi walioijaribu walishindwa.

Sababu mojawapo ya kushindwa kwao ilikuwa jiografia. Nuru inayotumiwa na mwani hupimwa kwa kuhesabu fotoni, yaani chembe za nuru, zenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700. Kipimo chake ni mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde, na wafugaji hukiita PAR. Jua la utosini karibu na ikweta hufikisha takribani 2,000 kwa kipimo hicho juu ya uso wa bahari, na hata baada ya maji kulipunguza, tumbawe lililo mita kadhaa chini hubaki na mamia. Berlin, kwa upande mwingine, iko zaidi ya digrii 52 kaskazini, na mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri hapo hupanda digrii 14 tu juu ya upeo wa macho, katika mchana usiofikia urefu wa saa nane. Dirisha la Jakarta na dirisha la Berlin si kitu kimoja, na aliyetaka mwamba wa tropiki Ujerumani alilazimika kulitengeneza jua.

Zana ya kwanza ilikuwa taa ya tyubu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1938, ambayo ndani yake mvuke wa zebaki hutoa urujuanimno na unga uliopakwa ukutani mwa mrija huugeuza kuwa nuru inayoonekana. Tyubu zilikuwa baridi na nafuu, lakini hafifu. Zikipangwa tatu au nne juu ya tangi zilitosha matumbawe laini, yaani yasiyo na kiunzi kigumu, na aina chache za mahali penye kivuli. Wajerumani ndio waliovuka kikwazo hicho, kwa kuazima taa ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya samaki. Taa za metali halaidi, ambazo umeme hupita katika kichupa kidogo chenye zebaki na chumvi za metali zilizogeuka mvuke, zilibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya viwanja vya michezo, maduka na viwanda. Wafugaji wa Ujerumani walizining'iniza juu ya matangi, wati 250 au 400 kila moja, na kwa mara ya kwanza matumbawe magumu yakaanza kukua ndani ya nyumba badala ya kufa polepole.

Katika kundi hilo jina la Dietrich Stüber wa Berlin linastahili kutajwa kwa heshima. Njia iliyoitwa ya Berlin, iliyounganisha mawe hai, kifaa cha kuondoa uchafu kwa povu, nyongeza ya kalisi na taa kali za metali halaidi, ilikuzwa na yeye pamoja na wenzake, na kutoka katika tangi lake tumbawe la jamii ya Acropora, lenye matawi kama pembe za paa, lilikatwa vipande, likagawiwa marafiki, likapandwa, likakatwa tena, hadi vizazi vyake vikaenea Ulaya na Marekani. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko uzuri wake. Kabla ya hapo kila tumbawe la nyumbani lilikuwa limeng'olewa baharini na mwisho wake ulikuwa kufa. Baada ya hapo taa ilikuwa imethibitisha kwamba tumbawe laweza kuzaliwa, kwa maana ya kukatwa na kuota upya, na kusambazwa bila mtu yeyote kurudi mwambani.

Metali halaidi zilikuwa na gharama zake. Zilipasha maji moto kiasi cha kuwalazimu wengi kununua mashine za kupoza; vichupa vilibadilika rangi na kudhoofika, hivyo vilibadilishwa kila baada ya miezi kadhaa; na vile visivyo na kioo cha nje vilitoa urujuanimno uliounguza matumbawe endapo kioo cha kinga kilisahauliwa. Pia zilizusha mjadala wa rangi ambao haujaisha hadi leo. Rangi ya taa nyeupe hutajwa kwa digrii za Kelvin, namba inayopanda kadiri nuru inavyoelekea buluu: taa ya 6,500 iliyotoka Japani ilikuza matumbawe kwa kasi lakini iliyaonyesha kwa umanjano, ilhali ile ya 20,000 iliyotoka Ujerumani iliyapamba kwa buluu ya kina kirefu na kwa kawaida ilitoa fotoni chache zaidi kwa wati zilezile. Wafugaji walijaribu kuyapata yote mawili kwa kuongeza tyubu maalumu za buluu-urujuani zenye kilele karibu na nanomita 420. Katika miaka ya 1990 zilikuja pia tyubu nyembamba za T5, zenye kipenyo cha milimita 16, ambazo kila moja ikiwa na kiakisi chake ziliweza kusambaza nuru sawasawa bila kivuli kikali, na hadi leo wapo wanaoshikilia kwamba hakuna taa iliyoyafaa matumbawe kuliko hizo.

Wakati huohuo, mbali kabisa na matangi, fizikia ya nusukipitishi ilikuwa ikikaribia kuvunja utaratibu wote huo. LED ni kipande kidogo cha fuwele ambacho umeme ukipita hutoa nuru ya rangi moja, na rangi hiyo huamuliwa na maumbile ya fuwele yenyewe. Nyekundu ilipatikana mwaka 1962 kwa mikono ya Nick Holonyak. Buluu iliwashinda watafiti kwa miaka thelathini, kwa sababu fuwele yake, galiamu nitridi, ilikuwa ngumu kuotesha bila kasoro. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wa Nagoya, na Shuji Nakamura aliyekuwa katika kampuni ya Nichia, ndio walioishinda, na LED ya buluu yenye mwanga mkali ilitangazwa mwaka 1993; miaka mitatu baadaye Nichia ilipata nuru nyeupe kwa kuifunika LED ya buluu kwa unga unaong'aa manjano, na mwaka 2014 watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Fuwele hiyo hufanya kazi kwa ufanisi mkubwa katika eneo la nanomita 450, na hilo ndilo eneo ambalo klorofili za zooksanthela hunasa nuru kwa nguvu na ambalo maji maangavu ya bahari hulipitisha hadi kina kirefu, baada ya nyekundu kumezwa katika mita chache za juu. Hakuna aliyeipanga sadfa hiyo, lakini ndiyo iliyoifanya LED kuwa taa ya matumbawe kabla ya kuwa taa ya sebuleni.

Solaris, ya kampuni ya Marekani ya PFO Lighting, ilikuwa miongoni mwa taa za kwanza za LED zilizouzwa kwa ajili ya miamba ya nyumbani, katikati ya miaka ya 2000. Bei yake ilikuwa kubwa, na mgogoro wa hataza uliizuia isifike mbali. Kuanzia mwaka 2011 zilipotoka Radion za EcoTech Marine, zenye LED za rangi kadhaa zinazoongozwa kila moja peke yake, pamoja na masanduku meusi ya bei nafuu kutoka China, mfugaji wa kawaida aliweza kununua taa isiyopasha maji sana, yenye kutarajiwa kudumu saa makumi ya maelfu, na inayoiga mapambazuko na machweo kwa programu.

Kisha matumbawe yakaanza kupauka, na tukio hilo linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndilo lililobadilisha namna ya kuchagua taa. Jicho la binadamu mchana huona vizuri zaidi nuru ya kijani-manjano ya karibu nanomita 555. Kwenye nanomita 450 uwezo wake huanguka chini ya asilimia 5 ya kiwango hicho. Mfugaji aliyezoea weupe mkali wa metali halaidi, akisimama mbele ya tangi lililomulikwa kwa LED za buluu, aliona giza, akaongeza nguvu ili apate mwangaza aliouzoea, na bila kujua akawa ameyamiminia matumbawe yake fotoni nyingi kuliko zile za taa ya zamani. Kipimo cha laksi, ambacho kimetengenezwa kufuata jicho, kilimdanganya vilevile, na hata baadhi ya vipima PAR vya bei nafuu vya wakati huo vilihesabu pungufu nuru ya buluu. Isitoshe, lenzi zilizobanwa ili nuru ifike chini ziliunda doa kali katikati ya tangi, ambapo tawi moja la tumbawe liliungua huku lile la upande wa pili likikaa kivulini.

Dawa ilikuwa kupima. Utamaduni huo ulikwishaanzishwa na watu kama Sanjay Joshi, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, aliyekuwa akipima na kuchapisha wigo wa taa za metali halaidi moja baada ya nyingine, na ulipohamia kwenye LED uligeuza maswali ya mnunuzi. Wati, ambazo zamani zilitosha kulinganishia taa, hazikueleza tena kitu, wala Kelvin, kwa taa ambayo rangi yake hubadilishwa kwa kidole. Kilichobaki ni kuuliza ni fotoni ngapi zinafika mahali tumbawe lilipo, na zimesambaaje kutoka pembe hadi pembe. Mazoea ya wafugaji yamekubaliana kwa ujumla kwamba matumbawe laini huridhika na PAR ya kati ya 50 na 150, yenye polipu wakubwa na kiunzi hutaka zaidi kidogo, na Acropora hustawi kati ya 200 na 400, kwa saa nane hadi kumi na mbili kwa siku, na kwamba taa mpya huanzishwa chini na kupandishwa kwa majuma kadhaa ili mwani uizoee. Anayechagua kwa busara hutazama pia ukubwa wa eneo linalotoa nuru, kwani LED chache zilizosongamana huleta vivuli vyeusi chini ya matawi na kutawanya rangi katika mapande yanayocheza mchangani, ilhali paneli pana, au LED zilizounganishwa na tyubu za T5, hukaribia utulivu wa anga lenye mawingu mepesi.

Ugunduzi wa Catala ndipo uliporudi sokoni. Chini ya LED za buluu na urujuani matumbawe hung'aa kwa rangi ambazo mpiga mbizi wa kawaida hazioni, na wauzaji wamejifunza kuyapiga picha katika nuru hiyo na kuyapa majina ya kuvutia na bei za juu kwa kipande cha sentimita mbili. Ni haki kusema kwamba hapo biashara imepotea njia kidogo, kwa kuwa taa inateuliwa kwa ajili ya kamera na mnyama anabaki kuwa kisingizio. Suala si dogo: ripoti ya kituo cha uhifadhi cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 ilikadiria kwamba watu milioni 1.5 hadi 2 duniani walikuwa na matangi ya bahari, na kwamba vipande milioni 11 hadi 12 vya matumbawe viliuzwa kila mwaka pamoja na samaki milioni 20 hadi 24, baadhi yao wakitoka pwani ya Kenya, ambako wapiga mbizi huwakamata samaki wa mapambo kwa ajili ya kusafirishwa nje. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na kila kipande kilichokuzwa vema chini ya taa ni kimoja ambacho hakikulazimika kuombewa kibali cha kuvunwa.

Tyubu zinaondoka, na si kwa uamuzi wa wafugaji. Umoja wa Ulaya ulifunga soko la T5 za matumizi ya kawaida Agosti 2023 kwa sababu ya zebaki, na mwaka huohuo nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, kufuatia pendekezo lililoanzishwa na nchi za Afrika, zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya tyubu hizo ifikapo mwaka 2027.

LED yenyewe, kwa upande wake, imefungua mlango ambao hakuna taa ya awali iliyoweza kuugusa. Matumbawe mengi ya mwambani huzaa kwa kutoa mayai na mbegu majini kwa pamoja, katika usiku wa siku chache za mwaka, yakiongozwa na joto la majira, urefu wa mchana na umri wa mwezi. Watafiti wa Australia walilieleza jambo hilo kwa ukamilifu mwaka 1984. Ndani ya tangi halikutokea kwa mpangilio hadi Jamie Craggs na wenzake wa Horniman Museum, London, walipozitenga nyumba za matumbawe na nuru yote ya nje, wakaziwekea LED zilizofuata kwa kompyuta macheo na machweo ya mwambani na mbalamwezi inayokua na kupungua, pamoja na joto linalobadilika kwa majira. Mwaka 2017 walitangaza kwamba aina nne za Acropora zilikuwa zimezaa katika mazingira hayo. Mwaka 2019 The Florida Aquarium, ikishirikiana na kikosi hicho, ililifanya tumbawe la nguzo, Dendrogyra cylindrus, ambalo lilikuwa likimalizwa na ugonjwa katika pwani ya Florida, lizae katika maabara. Vipande vya Stüber, kwa wingi wao wote, vilikuwa mwili mmoja uliogawanywa, na ugonjwa ambao ungemwua mmoja ungeweza kuwaua wote. Watoto wa matangi haya mapya kila mmoja ana urithi wake.